Tulimkimbia mzee aliyetukaribisha kahawa Oman. Tukirudi tufanyeje?

Mpendwa mshauri, salaam.

Mimi na mke wangu tunakaa Tanga. Mwishoni mwa mwaka jana tulikwenda Oman kutembea siku tisa, tukakodi gari Maskati, tukashika barabara ya Nizwa. Njiani tulisimama Birkat al-Mauz kuangalia falaji, ule mfereji wa kale wa maji. Mke wangu akaniuliza kwa sauti, "Sasa haya maji yanatoka wapi, mahali pakavu namna hii?" Nyuma yetu akajibu mzee wa kanzu, kilemba na bakora, kwa Kiswahili cha Unguja kabisa: "Yanatoka chini ya mlima, mwanangu. Nyinyi watu wa wapi?"

Tukasalimiana. Akasema nyumba yake ni ile pale, twende tukanywe kahawa. Nikamwambia tuna haraka. Akasema tena, nikakataa tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeshawasha gari. Akatuambia tungoje, akaingia ndani, akatoka na kopo la plastiki limejaa tende, kama kilo mbili, akalipitisha dirishani. "Basi mtakula njiani." Hata jina hatukumuuliza.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu usiyemjua akikukaribisha kwake, lazima ujiulize anataka nini. Lakini mpaka tunafika Nizwa mke wangu hakunisemesha.

Januari tunarudi, na tutapita njia ileile. Rafiki mmoja ananiambia, "Mwarabu akikukaribisha usikatae, ni tusi." Mwingine ananiambia, "Ukikubali utawagharimu watu, watachinja mbuzi kwa ajili yako." Nimfuate nani? Tukimwona mzee yule tuingie? Tuingieje, tukae muda gani, tubebe nini? Sisi ni Wakristo, hilo litaleta shida? Na siku nyingine akitukaribisha mtu mwingine tusiyemjua, tutajuaje kama ni wa kweli?

Lile kopo bado tunalo.

Ni mimi, Aliyekimbia Kahawa, Tanga

*

Aliyekimbia Kahawa, salaam nawe.

Rafiki zako wote wawili wamesema kweli nusu nusu, ndiyo maana umechanganyikiwa. Oman mwaliko una ukubwa wake. Kuna kahawa, na kuna chakula. Kahawa ni haki ya mgeni yeyote anayesimama mlangoni, haimgharimu mwenyeji zaidi ya nusu saa na tende alizonazo tayari, na kuikataa moja kwa moja ndiko kunakouma. Chakula ni jambo zito. Hapo ndipo mbuzi anapoingia hatarini, na mbuzi wa kienyeji Oman ni ghali hasa. Kwa hiyo shika hivi: kahawa ikubali mapema, chakula kikatae kwa adabu mpaka mwenyeji akushinde.

Kosa lako halikuwa kusema una haraka. Watu husema hivyo kila siku na wenyeji huwaelewa. Ulikosea kukataa vyote bila kuacha hata kitu kidogo mkononi mwa mzee akupe, ikabidi akitafute mwenyewe, ndiyo zile tende. Mwenye haraka ya kweli huweka mkono wa kulia kifuani, husema, "Baba, ahsante sana, Maskati wanatungoja kabla ya magharibi. Tunywe finjani moja hapahapa tumesimama." Moja ya kusimama inatosha. Mzee ameshakirimu, nawe umeshakunywa, dakika kumi zimekwisha.

Mzee mwenyewe si ajabu kama mlivyodhani. Oman imejaa watu wa namna yake, waliozaliwa Unguja au Pemba, wengine Tabora, Kigoma, Bujumbura, hata Kongo, katika familia zilizohamia Afrika Mashariki vizazi vingi nyuma. Wengi waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na kurudi Oman kukashika kasi Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Kwa mtu kama huyo, sauti ya mwanamke wa Tanga anayeuliza habari za maji ni sauti ya nyumbani. Alichotaka ni kusikia Kiswahili nusu saa.

Lakini hiyo 1964 usiianzishe wewe. Kuna waliopoteza ndugu, nyumba na mashamba, na kuna ambao hawajawahi kulizungumza hata na watoto wao. Akilitaja mwenyewe, sikiliza, usihoji, usitoe hukumu ya nani alikuwa na haki. Mazungumzo mepesi yapo tele. Muulize alisoma wapi, kama anaijua Pangani, tende zake ni za aina gani. Muulize pia zamu za maji zinagawanywaje. Falaji ya pale, Al-Khatmeen, ni moja kati ya tano zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na wenyeji hujivunia jinsi maji yanavyogawanywa kwa muda. Kipimo kimoja cha zamu, athari, ni kama nusu saa. Ila usimuulize yeye ana athari ngapi. Ni sawa na kumuuliza Mmasai ana ng'ombe wangapi.

Sasa saa ya kwenda. Adhuhuri ikishaswaliwa watu hula na kulala, na mji unakuwa kimya mpaka Alasiri. Ukigonga mlango saa 8 mchana utamwamsha mtu, na kwa kuwa hawezi kukufukuza, atakulazimisha ule. Mwezi wa Januari Alasiri inaingia kwenye saa 9 na robo hivi, na jua linazama kabla ya saa 12. Fika saa 10. Una saa moja na nusu ya heshima mbele yako, na adhana ya Magharibi itakusaidia kuondoka. Ijumaa iache, kwa sababu baada ya sala ya Ijumaa ndipo familia nzima hukusanyika kwa chakula, na ukitokea wakati huo hutatoka bila sinia. Ijumaa yako itumie Nizwa asubuhi kwenye mnada wa mbuzi, halafu Jumamosi, ambayo nayo ni siku ya mapumziko huko, ndiyo urudi kwa mzee.

Jina hamlijui, lakini mzee asemaye Kiswahili katika mji mdogo hapotei. Usianze kuuliza dukani, maana muuzaji huenda ni mgeni kama wewe. Ngoja wanaume watoke msikitini baada ya Alasiri, msalimie mmoja aliyekwenda umri, umwambie unamtafuta mzee aliyekaa Zanzibar. Neno Zanzibar peke yake litakufikisha. Kama hayupo, usiingie kumngoja na mkewe. Acha salamu na namba ya simu kwa mwanamume wa nyumba, nenda zako.

Mlangoni toeni salamu, "Salaam aleikum." Mkristo akiisema haimdhuru, na huko ni salamu ya kila mtu. Baada ya hapo ataanza kuuliza habari, kisha habari tena, kisha habari za nyumbani. Sisi tunajua mchezo huu. Jibu ni nzuri, hata kama mmepasukiwa tairi mara mbili. Ya tairi yatakuja baadaye, kwenye kahawa. Mwanamume mpe mkono, wa kulia. Mwanamke usimnyooshee. Ngoja yeye akianza, la sivyo mkono wako uwe kifuani. Viatu vibaki nje.

Mtaingizwa majlisi, chumba cha wageni, ambacho mara nyingi kina mlango wake kutoka nje ili mgeni asipite katikati ya nyumba. (Huko pia kuna sabla, baraza la mtaa au la ukoo. Neno letu la sebule ni ndugu yake.) Kama kuna watu wamekaa, usiketi kwanza. Zunguka ukianzia kulia, umpe mkono kila mmoja hadi wa mwisho. Akiingia mtu baada yako, inuka. Kaa karibu na mlango, naye atakusogeza juu. Ukikaa chini, nyayo zisimwelekee mtu. Magoti yakichoka, kunja miguu upande mmoja.

Kitaletwa kwanza kitu cha kutafuna. Waomani hukiita fuala: machungwa, ndizi, tende, na nyumba nyingi halua. Halua ni ileile ya Unguja, nyeusi inayong'aa, yenye samli, iliki na zafarani, na huliwa kwa vidole vitatu au kijiko kidogo. Chota mara moja au mbili kutoka upande wako wa bakuli. Kokwa za tende ziweke kwenye kibakuli chake, usizirudishe kwenye sahani. Kitapita chombo cha maji cha kusuuzia vidole, kwa sababu halua hunata na baada yake unashika finjani.

Ndipo kahawa, na hapa ndipo wageni wengi wanapoharibikiwa, hata wa Tanga na Mombasa waliozaliwa wakisikia vikombe vya muuza kahawa vikilia mtaani. Kahawa yao ni nyepesi kuliko yetu, ina iliki, mara nyingine marashi ya waridi au zafarani, na haitiwi sukari. Sukari yake ni tende, kama kashata kwetu. Anayemimina kwa kawaida ni kijana wa nyumba, amesimama, dele au chupa ya chai mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Pokea kwa mkono wa kulia. Usishangae kukuta amemimina kidogo, theluthi ya finjani au chini yake, mafunda mawili matatu. Si ubahili. Kikombe kidogo kinakufikia kikiwa cha moto kila mara, na kila mara unahudumiwa upya. Kilichojaa hadi juu ni kama kumwambia mgeni, kunywa uende.

Ukimaliza, usikiweke mkekani. Mrudishie kijana mkononi. Ukimpa hivihivi, atakijaza tena. Ukitaka kukoma, kitikise kidogo kushoto na kulia kwa kifundo cha mkono, mara mbili tatu, halafu mpe na useme "bas, shukran." Asiyejua kutikisa hunywa vikombe saba kwa aibu, na usiku anakesha hotelini akihesabu taa za barabarani. Kimoja ndicho cha chini kabisa, viwili au vitatu ni kiasi kizuri, na kupita vitatu hakuna anayekutegemea ufike.

Makosa mawili hapa yanaonekana madogo lakini si madogo. La kwanza ni kushika finjani huku unasimulia. Yule kijana amesimama kwa ajili ya kikombe chako, hawezi kukaa wala kumpa mwingine mpaka ukirudishe. Kunywa, rudisha, ndipo usimulie. La pili ni kukiweka mbele yako bila kunywa. Katika mila za Kibedui, mgeni anayeacha kahawa yake bila kuigusa ana haja anataka atimiziwe kabla ya kunywa. Mzee wa zamani anaweza kukuuliza kwa dhati kabisa, "Una shida gani, mwanangu?" na wewe ulikuwa unangoja ipoe tu.

Kuhusu mkeo. Mbele ya mgeni wa Kiafrika asemaye Kiswahili, familia nyingi zitawakalisha pamoja kwanza, halafu mama wa nyumba atamwita yeye upande wa wanawake. Akaribishwe, aende. Huko ndani ukarimu ni mrefu kuliko wa wanaume na vicheko vinasikika mpaka nje. Avae gauni lililofunika mabega na magoti, na mtandio uwe kwenye mkoba. Mpatane kabla ya kushuka garini mtakaa muda gani, dakika arobaini na tano kwa mfano, na nani atatuma ujumbe wa simu kwanza. Hatari moja ya huko ni hina. Wakimpaka mikononi, hamwondoki mpaka ikauke, na wewe utabaki majlisini umeshaagana mara tatu. Akiulizwa kama anataka, na muda ni mchache, aseme, "Safari ijayo."

Kwa mwanamke anayesafiri peke yake kanuni ni fupi: aulize kwanza, "Mama yupo nyumbani?" Mwanamume kumwingiza mwanamke mgeni kwenye nyumba isiyo na mwanamke mwingine ni kuvunja mila ya Waomani wenyewe. Anayeivunja ili akukaribishe hakukaribishi.

Kipimo hichohicho kinajibu swali lako la nani wa kweli. Mwenyeji wa kweli anakukaribisha mchana, mbele za watu, kwenye nyumba yenye watu wake, na hana habari na mfuko wako. Anarudia mwaliko mara mbili tatu, maana mara ya kwanza inaweza kuwa adabu tu. Kwa hiyo aliyesema mara moja akanyamaza, mshukuru upite. Wa kuepuka ni yule anayetaka kuingia garini mwako ili akuonyeshe mahali, anayekupeleka shambani pasipo na watu, anayetaja dhahabu, ndoa, au kibali cha kazi. Hili la kazi liangalieni sana nyinyi mnaotoka kwetu. Mtu mpole akikuahidi kazi wakati umeingia kwa viza ya kutembea, na akaomba pasipoti yako "akaishughulikie," urafiki umeishia hapo. Pasipoti haitoki mkononi. Ukibanwa, namba ya polisi ni 9999.

Na mtego mmoja usio wa ubaya: mzee anaweza kusema, "Kesho njooni kwa mwanangu, yuko juu mlimani." Barabara ya Jabal Akhdar inaanzia hapohapo Birkat al-Mauz, na chini ya mlima kuna kizuizi cha polisi kinachoruhusu magari yenye nguvu kwenye magurudumu manne tu. Gari lako dogo la kukodi litarudishwa hata kama mwenyeji anakungoja juu na chakula kinapoa. Usiahidi. Mwambie gari halipandi, ataelewa, na pengine mwanawe atashuka kuwachukua. Mkipanda, bebeni sweta. Juu kule kwenye uwanda wa Saiq ni kama mita 2,000, na usiku wa Januari si wa mtu wa Tanga.

Ikifika jioni akasema mle, kataa mara ya kwanza na ya pili kwa sababu ya kweli: giza, barabara, hoteli. Akiapa, au ukisikia sufuria zimeshaanza kugongana ndani, umeshindwa, kaa. Litakuja sinia moja la wali na nyama, mtalizunguka. Kula kwa mkono wa kulia, upande wako, usivuke katikati. Atakusogezea minofu, naye mwenyewe anaweza asile kabisa, akawa anawahudumia tu. Ndiyo heshima yao, usimlazimishe. Usimalize sinia. Kinachobaki kinaingia ndani kwa wengine, na sinia jeupe litamfanya adhani hakupika cha kutosha. Ukishiba sema "Alhamdulillahi," uinue mkono. Mke wako huenda atakula ndani na akina mama.

Dini yenu si kikwazo. Mkiulizwa semeni tu kwamba ni Wakristo. Mzee aliyekulia Unguja alicheza na watoto wa Kigoa na wa misheni, hatashangaa. Msijadili, na adhana ikilia nyamazeni kidogo. Msikiti wa mtaani msiingie. Mkitaka kuona msikiti, Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos pale Maskati unapokea wasio Waislamu Jumamosi hadi Alhamisi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, mkeo akiwa amefunika nywele, mikono na miguu.

Mambo madogo yanayokera: kupiga picha bila kuomba, na picha ya wanawake wa nyumba hata usiiombe. Kusifu kitu kupita kiasi, jambia la ukutani kwa mfano, humfanya mwenyeji aone anadaiwa kukupa, kwa hiyo sema "Mashaallah" mara moja na uhamie jambo jingine. Na ile kofia ya nakshi wanayovaa, nduguye kofia ya kiua, kwa Kiarabu cha Oman ina jina ambalo kwa Kiswahili ni tusi zito. Ukilisikia linatamkwa mbele ya mkeo, uso usibadilike. Wazee waliotoka Unguja wao husema kofia, nawe sema hivyo.

Mwisho wa ziara huusemi, unauona. Nyumba nyingi huleta chetezo chenye udi au ubani. Kisogeze karibu na kifua, pepea moshi kwa mkono uingie kwenye kola na mikono ya shati, mpitishie wa kulia kwako. Shati la nailoni liweke mbali kidogo, cheche hutoboa. Pengine na mrashi, chombo cha kunyunyizia marashi, utapita. Kinga viganja, jipake mikono na uso. Marashi ya waridi ya huko hutengenezwa vijiji vya juu ya mlima huohuo. Watu wa Ghuba wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Omba ruhusa ndani ya dakika tano. Atasema bado mapema. Hiyo ni adabu, na jibu lake ni kuinuka. Ziara fupi ya kahawa huenda isiwe na udi, na hapo adhana ya Magharibi ndiyo kengele yako. Mwenyeji anataka kwenda msikitini na hawezi kukuambia.

Pesa usitoe, hata kwa mtoto, hata useme ni ya peremende. Umenunua kilichotolewa bure, na mzee atajua bei uliyomwekea. Zawadi ni jambo jingine, na watu wa Tanga mna bahati. Kwa mama wa nyumba, doti moja ya kanga, lakini soma jina lake kabla ya kulipa. Kule wanasoma Kiswahili, na kanga yenye kijembe cha ukewenza ikifunguliwa mbele ya wakwe itazungumzwa mwaka mzima. Tafuteni lenye heri, kama "Mgeni njoo mwenyeji apone." Mkeo ndiye ampe mama, ndani, si wewe. Msishangae ikiwekwa kando bila kufunguliwa mbele yenu.

Kwa mzee, kopo lake. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, na yeye analijua hilo kama mnavyolijua nyinyi. Nendeni Muheza mnunue iliki ya Amani nusu kilo, punje za kijani zilizofumba, zisiwe zilizopasuka, maana hizo harufu imeshatoka. Ongezeni karafuu robo kilo na mdalasini wa magome vipande kadhaa. Kila kimoja kiwe kwenye mfuko wake uliofungwa vizuri, kwa sababu karafuu ikikaa na iliki siku tatu, iliki yote inanuka karafuu. Kopo lilikuwa na tende, kwa hiyo lina asali imeganda kwenye kona za chini na kwenye mfuniko. Liosheni kwa maji ya moto na sabuni, lianikwe juani mchana kutwa likiwa wazi, na mfuniko kando. Likibaki na unyevu kidogo tu, iliki itaota ukungu kabla hamjafika Maskati.